Mapanki na Neno "Halisi"

Ndugu msomaji, safari hii sikuletei uhakiki wa kitabu. Nahakiki sahani. Najua wapo watakaosema huyu kijana kaishiwa, lakini nivumilie, kwa maana sahani yenyewe ilinikuta nikiwa na kidonda cha uandishi, na ndiyo iliyokikanda.

Kidonda chenyewe ni hiki. Mwaka jana nilipeleka mswada wa riwaya yangu ya kwanza kwa mhariri mmoja, jina nalihifadhi. Riwaya inatokea hapahapa Nyegezi, kuanzia stendi kuu ya mabasi hadi kule ziwani upande wa chuo cha uvuvi. Mhusika mkuu ni binti anayeuza wali maharage kwa wapiga debe na kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Malimbe. Baada ya miezi minne mswada ukarudi na karatasi moja juu yake. Kukataliwa hakukuniumiza sana, kukataliwa tumezoea. Kilichonichoma ni sentensi moja: kwamba hadithi ni nzuri ila "haina Mwanza halisi ndani yake". Akanishauri niweke ngoma ya Bugobogobo, niweke bibi anayesaga mtama, na ikiwezekana niweke mapanki, kwa sababu wasomaji wa nje wanayajua kutokana na ile filamu.

Nikatii. Nani hataki kitabu chake kichapwe? Nikaifumua sura ya tatu. Wali maharage nikautoa, nikaingiza ugali wa mtama na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, na bibi kapiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Jioni nikamsomea mama yangu wakati anakata vitunguu. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Sasa mwanangu, mashine za kusaga zimejaa Nyegezi nzima, huyo bibi yako jiwe kalitoa wapi? Anamsagia nani, watalii?"

Nikacheka naye, lakini usiku ule usingizi uliruka. Na mapanki sikuyaweka kabisa. Mkono ulikataa. Sababu nitaisema mbele.

Nikiwa katika hali hiyo ndipo nikaenda Nairobi. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni msusi kule, mwaka wa sita sasa. Basi la kupitia Musoma na Sirari lilinishusha miguu imevimba kama ya mzee. Siku ya tatu dada akalipwa hela ya maharusi aliowasuka, akaja amechangamka. "Mdogo wangu, leo hatupiki. Leo nakupeleka ukale Kimexico, na wewe upate cha kuandika." Mwenyewe alishawahi kwenda mara moja, kwa mwaliko wa mteja wake.

Mgahawa uko upande wa Westlands. Jina lake nalo nalihifadhi, kwani ninalotaka kusema linaihusu migahawa mingi ya aina ile, na linatuhusu zaidi sisi waandishi.

Shuleni tulifundishwa kuhakiki kazi kwa fani na maudhui. Mwalimu wangu wa kidato cha nne alikuwa hana mchezo: usipotaja mandhari, wahusika na matumizi ya lugha, unapewa maksi za mwandiko tu. Basi na mimi naanza na mandhari.

Ukutani zimetundikwa kofia pana za ukindu, dungusi wamechorwa hadi darini, na karatasi za rangi zilizokatwa maua zinaning'inia kama bendera za sikukuu ya uhuru. Muziki ni tarumbeta na magitaa. Mlangoni kuna kibao kinachoahidi, kwa Kiingereza, chakula halisi cha Mexico. Nilipokaa nikalihesabu neno hilo: kuanzia mlangoni hadi ukurasa wa mwisho wa menyu limetokea mara tano. Sasa wewe mwandishi mwenzangu hebu jiulize. Ukisoma riwaya ambayo mwandishi anakuambia mara tano kwamba shujaa wake ni jasiri, si unaanza kumtilia shaka? Ujasiri tunauona shujaa anapotenda. Ukitangazwa mlangoni, kuna kitu kinafichwa.

Tuje kwa wahusika. Nilitazamia kumwona Mmexico, walau mmoja, hata awe mhasibu. Wapi! Mpishi tuliyemwona kupitia dirisha la jikoni alikuwa kijana wa Kakamega, na mhudumu wetu mtu wa Kisii, alinieleza mwenyewe nilipomchokonoa. Nikahisi tumeibiwa, au tuseme dada yangu kaibiwa, maana ndiye mwenye mfuko. Nikajisemea kimoyomoyo: aisee, hata hawa wamemweka bibi wa kusaga mtama.

Sahani ikaja. Taco tatu, kila moja ni chapati ndogo ya mahindi yenye upana wa kiganja, imekunjwa ikakumbatia nyama, kitunguu na majani ya giligilani. Chapati hiyo wanaiita tortilla. Pembeni bakuli la parachichi lililopondwa kwa ndimu, na bakuli jingine ambalo nilipoliona nilicheka kwa sauti watu wakageuka. Kachumbari! Nyanya, kitunguu, pilipili, ndimu, giligilani. Wenyewe wanaiita pico de gallo. Na kwa bei ya sahani ile, ndugu yangu, pale stendi Nyegezi ningekula wiki nzima na soda juu.

Nikala. Nyama ilikuwa nzuri, ina utamu na ukali kwa pamoja. Lakini kilichonisimamisha ni ile chapati. Ilikuwa na harufu ambayo haimo katika unga wetu, harufu kama ya udongo mkavu uliopigwa na mvua ya kwanza. Nikamuuliza mhudumu.

"Hiyo si unga ya kawaida," akasema kwa Kiswahili chao cha kule. "Mahindi tunachemsha na chokaa kwanza. Inalala hapo usiku mzima. Asubuhi tunaosha ndio maganda yatoke, halafu tunasaga ikiwa bado na maji."

"Chokaa? Hii ya kupaka nyumba?"

"Kuna ile ya chakula," akacheka. "Kila mgeni huniuliza hivyo. Huyo kijana wa jikoni ndiye huamka usiku kuiangalia."

Niliporudi nyumbani nikatafuta habari zake, nikakuta yule bwana hakunitania hata kidogo. Wenyeji wa Mexico wamepika mahindi kwa chokaa au majivu tangu kale, kabla Mzungu hajatia mguu kwao. Kwa lugha ya Kinahuatl mahindi yaliyopikwa hivyo huitwa nixtamalli. Chokaa huliambua ganda, hulifanya donge lishikane, na zaidi ya hapo huifungua aina moja ya vitamini iliyojificha ndani ya punje. Mahindi yaliposafiri kwenda Ulaya na kwingineko, mbegu ilisafiri lakini ujuzi wa chokaa ukaachwa. Matokeo yake maskini waliotegemea mahindi matupu, kuanzia Italia hadi kusini mwa Marekani, wakaugua pelagra, ugonjwa wa kubabuka ngozi, kuharisha na kuchanganyikiwa. Watu walichukua kinachoonekana kwa macho wakaacha kinachofanyika usiku.

Msomaji, sentensi hiyo ya mwisho naomba uishike. Tutaihitaji.

Tuje sasa kwenye matumizi ya lugha. Menyu ile ilisema "halisi" mara tano, lakini haikusema hata mara moja habari ya chokaa. Kitu pekee pale ndani ambacho Mmexico mwenyewe angekitambua akiwa amefumba macho hakikutangazwa. Kofia zilitangazwa. Uamuzi wangu kama mhakiki ni huu: ukuta ulidanganya, unga haukudanganya. Na yule kijana wa Kakamega niliyemdharau kwa sura na kabila ndiye aliyekuwa mkweli kuliko kibao cha mlangoni.

Kuna jambo jingine lilizidi kunipa somo. Nyama tuliyokula inaitwa al pastor. Ni nguruwe, sisi tungesema kiti moto, anayechomwa kwenye mti wa chuma unaozunguka kisha akakatwa vipande vyembamba. Mtu wa Mombasa au wa Dar anayekula shawarma usiku angesema, mbona hii naijua? Ni kweli anaijua. Wahamiaji wa Kiarabu, wengi wao kutoka Lebanon, ndio waliopeleka uchomaji huo katika mji wa Puebla mnamo miaka ya 1930. Wenyeji wakaweka nguruwe mahali pa kondoo, wakaongeza pilipili zao na nanasi. Leo ukimwambia mtu wa jiji la Mexico kwamba taco al pastor si yake, mtagombana.

Hata nguruwe mwenyewe ni mgeni kule. Nguruwe, ng'ombe, jibini, kitunguu, ndimu, vyote vilipelekwa na Wahispania waliouteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521. Ukiviondoa, nusu ya menyu inafutika. Pamoja na ugeni wote huo, mwaka 2010 UNESCO iliuandikisha upishi wa jadi wa Mexico katika urithi wa utamaduni wa dunia. Hawakuwaambia kwanza mtoe jibini.

Basi nikarudi Nyegezi. Siku ya pili nikakaa kwenye benchi la mama ntilie, nikaitazama sahani yangu kama askari anavyomtazama mtu asiye na kitambulisho. Wewe ugali, kwenu wapi? Mahindi yalizaliwa kusini mwa Mexico, katika bonde la mto Balsas, ambako wakulima waliyatoa kwenye jani la porini yapata miaka 9,000 iliyopita. Pwani yetu yalifika baada ya meli za Wareno kuanza kuzunguka bahari hizi miaka ya 1500. Jina tulilowapa linamsingizia Mhindi wa watu. Wewe nyanya? Amerika. Pilipili? Amerika. Maharage haya mekundu? Amerika vilevile. Karanga iliyomo kwenye mboga? Hukohuko.

Nikasema labda nimpate Msukuma kindakindaki kwenye michembe na matobolwa, viazi vyetu vya kukausha ambavyo kila bibi wa Usukuma anajua kuvitunza. Kumbe kiazi kitamu nacho kilivuka bahari kutoka Amerika, na muhogo ulikuwa abiria mwenzake.

Basi nikamgeukia samaki. Samaki wa Mwanza hawezi kuniangusha! Sangara aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na ya 1960 kutoka maji mengine. Hiyo nilikuwa naijua, kila mtoto wa ziwani anaijua, na tunajua jinsi alivyowamaliza furu wa kila namna. Lakini sato? Sato tunayemsifia kwa wageni, "kula sato halisi wa Ziwa Viktoria"? Naye aliletwa, miaka ya 1950. Mwenye ziwa ni ngege, na ngege wa leo unaweza kumaliza mwaka hujamwona. Sahani nzima ikawa imekaliwa na wageni. Wenyeji waliobaki ni wachache: dagaa, kamongo, mtama, uwele, kunde, mlenda.

Hapa lazima niwe mkweli, hata kama inaniumiza. Kwa hesabu ya asili, mhariri wangu ameshinda. Ugali wa mtama na nsansa ni chakula cha bara hili kweli kweli, na bibi yake kwenye jiwe la kusagia ana haki zote za uraia. Wali maharage wa binti yangu hauna hata cheti cha kuzaliwa.

Lakini nenda stendi ya Nyegezi saa saba mchana ukaulize ugali wa mtama uone utakavyotazamwa. Asili ni kitu kimoja na uhalisi ni kitu kingine, na sisi vijana tunaoandika tumeviacha viwili hivi vilale kitanda kimoja muda mrefu mno. Asili inauliza kitu kimetoka wapi. Hilo ni swali la mwanahistoria, ni swali zuri, tumshukuru. Uhalisi unauliza nani kaamka usiku. Hilo ndilo swali la mwandishi wa riwaya.

Binti yangu wa sura ya tatu anaamka saa kumi alfajiri kuchambua mawe kwenye mchele. Maharage ameyaloweka tangu jana, na anatia magadi kidogo yaive haraka kwa sababu mkaa ni ghali. Anajua mpiga debe yupi analipa leo na yupi anasema "nitakulipa basi la mwisho likitoka". Hiyo ndiyo chokaa yake. Mimi niliifuta yote, nikaweka kofia ukutani.

Sasa nifike kwenye mapanki, nilikoahidi.

Kwa msomaji wa mbali, mapanki ni kichwa na mgongo wa sangara vinavyobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa na kusafirishwa nje. Viwanda vya minofu vilishamiri Mwanza katika miaka ya 1990. Minofu ilikwenda Ulaya, bondo la samaki likapata wateja wake wa Mashariki ya Mbali, na mapanki yakabaki kwetu. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengeneza filamu kutoka Austria, akatoa filamu aliyoipiga Mwanza, Darwin's Nightmare. Mwaka 2006 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Ndani yake dunia ikaona mapanki yameanikwa kwenye vichanja, yana funza, na watu maskini wanaoishi kwa hayo wakati ndege zinaondoka na minofu. Mwaka huohuo wa 2006 Rais Jakaya Kikwete akaikemea filamu ile hadharani. Mtaani ubishi ukawa mkali. Wapo waliosema filamu imesema kweli, wapo waliosema imetudhalilisha, na wapo walioanza kukana kabisa: mapanki sisi hatuli, hayo ni ya kuku.

Mimi wakati huo nilikuwa darasa la tatu, na mama yangu alikuwa anakaanga mapanki.

Alijenga banda la makuti na mabati mawili kando ya barabara ya kuelekea mjini. Alfajiri anapanga foleni getini kwa kiwanda na wanawake wenzake, ndoo kichwani, kanga kiunoni. Akirudi anaosha kwa chumvi na ndimu, anachana, anatumbukiza kwenye karai. Nani aliyekudanganya kwamba mapanki ni mifupa? Kichwa cha sangara kina nyama mashavuni, kina nyama shingoni, na nyuma ya jicho kuna mnofu laini ambao sisi watoto tuligombea. Kufikia saa nane karai tupu. Ndipo alipopata ada yangu, sare yangu, na daftari nililoandikia hadithi yangu ya kwanza, lilikuwa na alama ya dole gumba la mafuta kwenye jalada.

Baada ya maneno ya filamu kuenea, darasani nikapewa jina. Mapanki. "Mapanki, jibu swali." "Mapanki, leo mmekula funza wangapi?" Hata walimu walicheka chini chini. Nikaanza kupita njia ya nyuma ili nisionekane natokea bandani. Siku moja mama aliniita kwa sauti mbele ya wenzangu, nikajifanya sikusikia. Hilo nimekaa nalo miaka yote hii, na leo ni mara ya kwanza nalitia kwenye karatasi.

Sasa umeelewa kwa nini mkono ulikataa. Mhariri alitaka mapanki kwa sababu filamu iliyafanya maarufu. Mimi niliyaacha kwa sababu filamu iliyafanya aibu. Tukionekana tunapingana, lakini kumbe wote wawili tulikuwa tunasoma kibao kimoja cha mlangoni. Yeye kakisoma kwa mbele, mimi kwa nyuma. Hakuna kati yetu aliyekwenda jikoni.

Na filamu yenyewe, kama mhakiki, nasemaje? Nasema aliyoyaonyesha yalikuwepo. Foleni ilikuwepo, umaskini ulikuwepo, vichanja vilikuwepo. Lakini kamera ilifika mapanki yakiwa yameanikwa, haikuamka na mama yangu kuyaosha. Ilichukua kinachoonekana ikaacha chokaa. Na ukiacha chokaa, tumeshaona, chakula kilekile kinageuka kuwa ugonjwa.

Wako waliotutangulia ambao hawakuacha. Jirani yetu wa ng'ambo ya maji, Aniceti Kitereza wa Ukerewe, alimaliza kuiandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakaa akisubiri mchapaji hadi ikatoka kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, mwaka 1980. Miaka 35! Alitaka maisha ya Wakerewe yasipotee, na kwa nia kama hiyo angeweza kabisa kutuandikia kibao cha makumbusho. Alichoandika ni mume na mke wanaotaka mtoto, na kazi zao za kila siku zinaingia katika hadithi kwa sababu watu wale wana shida nazo. Na huko Mexico kwenyewe, Laura Esquivel alitoa mwaka 1989 riwaya ya Como agua para chocolate, kila sura na pishi lake. Binti anayekatazwa kuolewa anamwagia uchungu wake kwenye chungu, na wanaokula wanauonja uchungu huo. Pishi pale linabeba mgogoro. Ukilitoa, hadithi inaanguka.

Kwa hiyo ninyi mnaotuma hadithi zenu kwenye jarida hili, nina ombi dogo. Ukitaka kuandika "chakula cha asili" au "maisha halisi ya kijijini", simama kidogo. Neno hilo linamfaa muuzaji anayemwita mpita njia. Mpita njia hajui kitu, lazima aitwe. Lakini mhusika wako yuko ndani ya nyumba yake, hajawahi kusema "leo nakula chakula halisi". Anasema njaa inaniuma. Anasema mboga haina chumvi. Anasema nani kamaliza kichwa cha samaki. Tuandikie hayo. Na kama mhusika wako wa Nyegezi anakula chipsi mayai huku anatazama tamthilia ya Kimexico iliyotafsiriwa, mwache ale, mwache atazame, mradi utuambie chipsi zile kanunuliwa na nani na kwa nini huyo mnunuzi hajala.

Wiki iliyopita nilikaa tena na mama, vitunguu vilevile, kisu kilekile. Nikamwambia nataka kukirudisha kibanda kwenye riwaya. Nikamuuliza kama ataona aibu.

"Aibu ya nini?" akasema bila kuinua macho. "Aibu ni kuuza vilivyooza. Mapanki yangu hayajawahi kulala."

Nikanyamaza kidogo. Halafu nikamwambia na ile habari ya siku aliyoniita nikajifanya sikusikia.

"Ulisikia," akasema. "Nilikuona bega."

Hatukuongea tena mpaka vitunguu vikaisha. Alipoinuka kwenda jikoni akageuka mlangoni.

"Ukiandika, bei nayo uiweke. Kichwa mia mbili, mgongo mia. Watu wasije wakadhani nilikuwa nagawa bure."

Sura ya tatu sasa inaanza saa kumi alfajiri, getini kwa kiwanda, na binti ni mtoto wa muuza mapanki. Bei nimeiweka. Mswada nimeupeleka kwa mhariri mwingine.